Nilisahihisha Jina Lake

Nilimzulia bibi mmoja utani. Utani ukageuka tuhuma, na tuhuma ilipofika kwenye karatasi, mwandiko ulikuwa wangu. Hilo ndilo kosa. Yanayofuata ni maelezo ya namna lilivyotokea, wala sitegemei yalipunguze.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari upande wa Ushetu, kabla Ushetu haijapata halmashauri yake, tukiwa bado chini ya Kahama. Kila mwaka nilifundisha Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kipindi nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha Hitler na Wayahudi. Nilikipenda kwa sababu kinafundishika vizuri. Kina hatua, na hatua zina tarehe. Nilikuwa naziandika ubaoni bila kufungua daftari: Januari 1933 Hitler anakuwa Kansela, tarehe 1 Aprili mwaka uleule watu wanaambiwa wasinunue kwenye maduka ya Wayahudi, ndani ya wiki moja inatoka sheria ya kuwaondoa kwenye utumishi wa serikali, 1935 Sheria za Nuremberg zinawavua uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine, Aprili 1938 wanaamriwa kuorodhesha mali zao, Agosti wanalazimishwa kuongeza jina la Israel kwa mwanamume na Sara kwa mwanamke, Novemba masinagogi yanachomwa na wanaume wapatao 30,000 wanakamatwa, Septemba 1941 wanaamriwa kushona nyota ya njano kifuani, na mwishoni watu takriban milioni sita wameuawa.

Wanafunzi walinakili. Kisha niliwauliza swali langu la kila mwaka: kwa nini majirani hawakusema kitu? Jibu lake nilikuwa nalo pia. Woga, propaganda, tamaa ya mali, mazoea. Pointi nne, alama nne.

Nilikuwa mwalimu mzuri. Ndiyo sehemu inayonichekesha ninapojikumbuka.

Bibi mwenyewe alikuwa mjane, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Alikuwa na shamba la ekari chache alizoachiwa na mumewe, lililopakana na la mtoto wa shemeji yake. Alikaanga karanga na kuziuza kwenye vifungu vya karatasi za madaftari, na msimu wa tumbaku ukifika alichukua kibarua cha kuchochea moto kwenye mabani ya watu ya kukaushia majani. Kwetu Ushetu tumbaku ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo baiskeli. Majani yakishaingia bani, moto hauruhusiwi kulala. Mtu anakaa usiku kucha mbele ya tanuru, akisukuma magogo na kuchungulia joto, moshi ukimpiga usoni. Kazi hiyo vijana waliikimbia, bibi aliifanya. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia.

Mimi pia nilikuwa na ekari moja ya tumbaku. Bani langu alilichochea yeye.

Utani niliutoa kwenye kibanda cha chai. Malimbikizo yangu ya mshahara yalikuwa yamechelewa kwa muda mrefu, na nilikuwa nanung'unika mbele ya watu waliokuwa wakisubiri malipo yao ya tumbaku na wao wananung'unika vilevile. Bibi akapita na beseni lake la karanga. Akatusalimia, tukamwamkia shikamoo. Alipofika mbali kidogo nikasema, "Mnaona macho yale? Mshahara wangu umo kwenye kibuyu chake."

Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Nilifurahi. Mtu aliyesomea ualimu anapenda kuchekesha watu wa kijijini kwao, waone kwamba chuo hakikumharibu.

Kesho yake mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, kibuyu cha bibi kimeshafunguliwa?" Nikajibu bado. Tukacheka tena. Baada ya muda sikuhitaji kusema chochote. Watoto walikuwa wanasema wenyewe. Bibi akipita karibu na uwanja, sauti zinatoka nyuma ya darasa: "Kibuyu! Kibuyu!" Nilizisikia nikiwa ofisini. Niliwahi kutoka mara moja kuwakaripia, nikiwa natabasamu. Watoto wanasoma sura kuliko maneno.

Siwezi kujitetea kwamba sikujua mambo haya yanafika wapi. Sikuwa mgeni. Mtu wa Shinyanga au Mwanza wa rika langu amekua akisikia habari za vikongwe waliokatwa mapanga usiku kwa sababu ya macho mekundu. Takwimu zilizowahi kukusanywa zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yanayohusishwa na uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani. Mwaka 1976 vyombo vya dola vilipoendesha msako wa wauaji katika mikoa yetu, baadhi ya waliokamatwa waliteswa hadi kufa, na mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Hayo nayo nilikuwa nayasimulia darasani, nikifika kwenye mada ya uwajibikaji. Sheria ya Uchawi imekuwepo tangu 1928, na inakataza kumnyooshea mtu kidole kwamba ni mchawi. Nilikuwa nayajua yote hayo, kila jambo kwenye mada yake na daftari lake. Sikuwahi kuyasoma kwa pamoja.

Ng'ombe wa yule mtoto wa shemeji wa bibi walianza kufa, wawili kisha mmoja. Alikwenda kwa mganga, akapigiwa ramli. Ramli haikutaja jina. Ilisema tu adui yuko karibu, ni mwanamke, na kuna chombo anachofungia mambo. Kijana alirudi akiwa ameshaelewa. Chombo kilikuwa kinajulikana kijiji kizima. Mwalimu ndiye aliyekitangaza.

Baada ya hapo karanga hazikununuliwa. Hakuna aliyetoa amri, wala hakuna aliyesimama mlangoni kwake na bango kama walivyofanya watu wa Hitler Berlin. Kila mtu aliamua peke yake, kimyakimya, kwamba leo hana hamu ya karanga. Mimi niliendelea kununua. Nilijihesabia hilo kuwa wema.

Ikaja 2009. Mikoa yetu ilikuwa kwenye aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Migodini, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, zilivuma habari kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kinavuta dhahabu, na waganga walikuwa wanaziuza habari hizo kwa bei kubwa. Januari Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Machi zikaletwa kura za siri: kila mwananchi aandike majina ya anaowafahamu au kuwashuku kwa mauaji hayo, pamoja na majambazi na wahalifu wengine. Nia ilikuwa kuokoa maisha. Nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu nilichofanya mimi kwenye kura hizo hakikutoka juu.

Wazee wengi hawakujua kuandika. Mimi nilikuwa mmoja wa walioombwa kuwasaidia. Nilikaa pembeni kwenye dawati la shule, mzee anakuja, anainama, ananong'ona, naandika, anakunja karatasi na kuitumbukiza. Wengine walitaja wezi wa ng'ombe, wengine waganga. Na wengine, mmoja baada ya mwingine, walimtaja bibi wa karanga.

Bibi hakuwa na uhusiano wowote na mauaji ya watu wenye ualbino. Nilijua hivyo na waliomtaja walijua. Karatasi iliuliza wauaji. Wao walijibu mchawi. Nilipaswa kuweka kalamu chini na kusema, "Mzee, hili silo tuliloulizwa." Sikusema. Nilijiambia kura ni ya mtu, mimi ni mkono tu.

Mzee mmoja alilitaja jina lake la ukoo kwa kukosea. Nikamsahihisha. Nikaliandika vizuri, kwa herufi kubwa, lisomeke.

Wakati nalisahihisha, bibi mwenyewe alikuwa kwenye foleni, macho mekundu. Ulikuwa msimu wa kukausha. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amechochea bani langu.

Polisi hawakuja kumkamata. Hapakuwa na cha kumkamatia. Lakini kura ilifanya kazi nyingine. Kabla yake, kila mtu alikuwa na dukuduku lake na hakujua kama mwenzake analo. Baada yake walioandika walianza kuambiana, na kila mmoja akagundua hakuwa peke yake. Dukuduku la wengi kijijini linapata hadhi ya ukweli.

Kisha ikaja barua. Ilichomekwa mlangoni kwake usiku, haina sahihi. Bibi hakujua kusoma, akaniletea mimi. Nakumbuka karatasi yenyewe: imechanwa kwenye daftari la mistari la shule, kona moja ina doa la mafuta. Ilimwambia ahame kabla ya mvua, la sivyo atajuta. Nilimsomea. Sikumficha neno, hilo nalifahamu. Lakini nilipomaliza niliikunja, nikamrudishia, nikasema, "Bibi, huu ni utani wa vijana. Usihangaike nao."

Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, mwalimu. Kama ni utani."

Juni nikawa nasahihisha mitihani ya kufunga muhula. Swali la kidato cha nne lilitaka maelezo ya namna mateso ya Wayahudi yalivyozidi hatua kwa hatua kabla ya vita na wakati wa vita. Mwongozo wangu wa kusahihishia ulikuwa na pointi zake, kuanzia sheria za 1933. Nikafika kwenye karatasi ya kijana mmoja mzuri sana kwenye somo langu. Alianza na pointi ambayo haikuwemo kwenye mwongozo. Kwa Kiingereza cha kuungaunga alisema kwamba kabla ya sheria kuna mzaha wa watu wanaosikilizwa, na mzaha huo ndio unaowaonyesha wengine nani anaweza kuguswa. Akatoa mfano: kijijini kwao mtu msomi alisema bibi yake ana kibuyu, na sasa hawauzi karanga.

Niliweka alama ya kosa. Nilifanya hivyo kwa mazoea ya kazi: pointi haipo kwenye mwongozo, mfano hauhusu Ujerumani. Kalamu nyekundu ilishapita nikiwa tayari naelekea pointi ya pili, ndipo nikarudi juu na kusoma tena.

Kijana yule alikuwa mjukuu wake. Alikuwa analala nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hakuandika kwa hasira wala kwa kunikomoa. Angetaka kunikomoa angeniandika jina. Alikuwa amejibu swali. Alikuwa ametafuta mfano uliokuwa karibu naye, kama nilivyokuwa nawasisitizia kila siku.

Nilikaa na karatasi ile kwa muda mrefu. Nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya: nikachukua daftari langu la somo, nikaziweka hatua za Ujerumani upande mmoja na za kijijini kwetu upande wa pili. Jina la kebehi. Kususiwa biashara. Kuandikwa kwenye orodha. Kutakiwa kuhama. Sisemi kijiji chetu kilikuwa Ujerumani. Kule dola lenyewe lilikuwa na mpango, sheria, treni na makambi; kwetu dola lilikuwa linatafuta wauaji na sisi ndio tuliolipatia majina yasiyohusika. Lakini hata kule, Gestapo hawakuwa wengi kama watu wanavyodhani. Walitegemea sana raia wa kawaida walioleta majina. Nilikuwa nimelifundisha hilo kwa sentensi moja, nikalipita haraka, kwa sababu huwa halitoki kwenye mtihani.

Na ile pointi ya tamaa ya mali, ambayo nilikuwa naiweka ya tatu kwenye orodha, sasa niliitazama vingine. Mwaka 1938 Wayahudi waliamriwa kuorodhesha mali zao kwanza, ndipo maduka na nyumba zao zikachukuliwa kwa bei ya bure, na miongoni mwa wanunuzi walikuwemo majirani na washindani wao wa biashara. Nikawaza shamba la bibi na mpaka wake. Nikawaza nani alikuwa wa kwanza kwenda kwa mganga.

Kwa hiyo siku ile nilijua. Hapo ndipo kosa la pili linapoanzia, na ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nililifanya bila kufikiri.

Nilifuta alama ya kosa, nikampa kijana alama zake. Kisha nikapanga kuzungumza kwenye mkutano wa kijiji. Niliona si vizuri kuzungumza wakati wa likizo, watu wametawanyika. Tulipofungua shule Julai, soko la tumbaku lilikuwa limepamba moto na hakuna ambaye angesikiliza. Agosti mwenyekiti alikuwa na msiba. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Iliyo chini ya zote ni kwamba nilikuwa naogopa mtu angesimama kwenye mkutano na kusema, "Mwalimu, si wewe uliyetuambia?"

Septemba Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino huko Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini na kibandani hapakuwa na mazungumzo mengine. Tulisema sasa haki imefika. Mimi nilisema hivyo kwa sauti kuliko wote.

Mwezi huohuo walimvamia bibi usiku. Mjukuu aliamka na kupiga mwano, yowe la kuita msaada, sungusungu wakatoka, wavamizi wakakimbia. Bibi alikuwa amekatwa bega na mkono wa kushoto. Alipona, lakini vidole vya mkono ule havikukunja tena. Waliokamatwa waliachiwa kwa kukosa ushahidi. Alihamia kwa binti yake, Urambo. Mjukuu aliondoka naye na hakurudi kufanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, uliobaki wiki chache. Nyumba ilianguka kwa mvua za mwaka uliofuata. Shamba linalimwa tumbaku na mtoto wa shemeji yake. Hiyo ndiyo hesabu.

Nilikwenda Urambo kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Aliyasikiliza yote, akanikaribisha chakula, nikala. Wakati wa kuagana akasema, "Mwalimu, wale wengine sina la kuwaambia. Lakini wewe ulikuwa unajua kusoma." Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kujibu.

Wewe unayesoma pengine huamini uchawi, na unadhani hilo linakukinga. Mimi pia sikuamini. Ndiyo maana nilitania. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na methali hiyo tunaijua wote tangu darasa la pili. Asiyeamini ndiye anayeweza kutania bila woga, na anayeamini anamsikia msomi akithibitisha. Ukipenda badilisha kikongwe uweke mkimbizi, mgeni, mtu wa dini nyingine, mtu wa kabila la mpakani. Kibanda cha chai ni kilekile.

Nilichojifunza ni kidogo na kinatumika. Mtu akianza kumtaja mjane fulani, usibishane naye kuhusu uchawi, mtakesha. Uliza shamba la huyo mjane limepakana na nani. Uliza nani atalilima akiondoka. Uliza mapema, mbele za watu, wakati bado wanacheka, kwa sababu wakiacha kucheka utakuwa umechelewa. Na kama aliyeanza ni wewe, rudi palepale ulipotania, mbele ya walewale, useme ulizua. Watakuona mjinga kwa muda, na watu watakutania wewe. Ni gharama ndogo. Mimi niliiogopa, na bibi akailipa kwa mkono wake, shamba lake na masomo ya mjukuu wake.